Sala Isiyofika Amina

Ildefonsa hakuomba kuwa mwalimu wa mtu yeyote. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya misheni iliyokaa juu ya kilima wilayani Ngara, na kazi hiyo ilimtosha. Baba yake alikuwa katekista wa Rulenge, mtu aliyesali kabla ya kula, kabla ya kulima na kabla ya kugombana na jirani. Kwa hiyo sala, kwake Ildefonsa, ilikuwa kitu cha nyumbani kama jembe, kitu ambacho mtu hukishika bila kukitazama.

Aliyemfanya mwalimu ni mumewe, Danstan, na alimfanya hivyo kwa kufa. Danstan alilazwa katika wodi ileile, ini limevimba, macho yamekuwa ya manjano. Madaktari wanafunzi walikuja na mkubwa wao, wakakizunguka kitanda, wakaliuliza ini maswali yote, na ini likawajibu kwa namna yake. Danstan mwenyewe alikuwa na neno. Alilianza mara kadhaa kwa sauti iliyokauka, na kila alipolianza aliambiwa, "Pumzika, mzee, utapona." Ildefonsa, mke na muuguzi, alidhani anataka maji, akampa maji. Baada ya mazishi ndipo shemeji yake alipomweleza, akilia, kwamba Danstan alikuwa amemtumia salamu aje na pombe ya ndizi, wanywe kwa mrija mmoja, wafute ugomvi wao wa mpaka wa migomba. Salamu zilifika zimechelewa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemsikiliza Danstan mapema azichukue. Tangu hapo Ildefonsa aliamini jambo moja kwa ukaidi wa mjane: mgonjwa aulizwe.

Chuo kikuu kimoja cha tiba kilipoanza kuleta wanafunzi hospitalini hapo kwa mafunzo ya vitendo, kilileta pia agizo kwamba wafundishwe kuzijali imani za wagonjwa, si viungo vyao tu. Madaktari walilitazama agizo hilo kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa saa ya chakula.

"Mpeni Ildefonsa," alisema Dakta Emilian, daktari wa upasuaji. "Mimi najua kusali, sijui kufundisha kusali."

"Si kusali, daktari," Ildefonsa akamrekebisha. "Ni kuuliza."

"Ndiyo maana nasema upewe wewe."

Akafundisha. Darasa lake lilikuwa chumba cha kuhifadhia magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika, na wanafunzi walikaa juu ya viti hivyo, wengine wakiyumba kila walipoandika.

"Mnajua kumuuliza mgonjwa amekula nini na amekwenda choo lini," aliwaambia. "Muulizeni pia: ni nini kinachokutia nguvu? Nani ungependa ajue kwamba uko hapa? Kuna jambo ungependa lifanyike kabla hatujaanza?"

"Na akisema hana dini?" aliuliza Happy, binti wa Nemba ambaye hakukosa swali.

"Atajibu hilo la pili na la tatu."

"Na akisema anataka mganga wa kienyeji?"

"Usicheke. Utakuwa umeshajua kitu ambacho ulikuwa hukijui." Alingoja kicheko kiishe. "Halafu muulizeni kwa lugha yake. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya baraza la kata. Tunanunua kwa Kiswahili, tunashtakiana kwa Kiswahili. Lakini mtu hafi kwa Kiswahili."

Waliandika maneno hayo wote, na aliyeyaandika kwa moyo zaidi ni Clever, kijana mrefu wa Kaniha, kule Biharamulo. Kwao walizungumza Kisubi. Kihangaza cha hapa alikuwa akikiokota neno kwa neno kwa wauza ndizi wa getini.

"Kihangaza chako ni cha kuombea nyongeza ya ndizi tu," Happy alimtania.

"Basi na wagonjwa wataniongeza."

Ildefonsa alimpenda kijana huyo. Wenzake waliposimama pembeni mwa vitanda, yeye aliketi. Wazee walimshika mkono wasitake kuuachia. Huenda alimpenda kupita kiasi. Mwalimu anayeona maneno yake yakitembea kwa miguu ya mtu mwingine huacha kuyachunguza maneno yenyewe.

Evarista Ndayisenga aliletwa mchana mmoja wa masika kutoka Mugoma, amepakatwa katikati ya pikipiki, dereva mbele na binti yake nyuma. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mkavu, mrefu, tumbo limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Dakta Emilian alilipima, akaligonga kwa vidole, akaitazama picha ya eksirei, akasema utumbo mpana umejisokota na damu haipiti. Apasuliwe jioni hiyohiyo, kabla utumbo haujaoza. Binti, jina lake Frida, alimfasiria mama yake baadhi ya maneno, ingawa mama alionekana kuelewa Kiswahili vizuri. Evarista aliweka dole gumba palipohitajika. Hakubisha wala hakulia.

Clever alipewa kazi ya kumwandaa. Aliandaa beseni, sabuni na wembe wa kunyolea tumbo, kisha akamkuta Ildefonsa ukumbini, mikono yake yote miwili imebeba chupa za maji ya dripu.

"Mama, huyu Ndayisenga ni Mrundi wa asili, sivyo? Jina lake maana yake nini?"

"Walikuja zamani, wakati wa vita vya ng'ambo, kule Burundi. Maana yake, 'Namwomba Yeye.' Yeye Mungu."

"Jina zuri." Kijana alifurahi. "Basi nataka kumuuliza kama angependa kusali kabla hatujaanza. Kwa lugha yake. Nisemeje?"

Ildefonsa alimtajia ile sentensi ndefu ya adabu, yenye 'labda' na 'ungependa' ndani yake. Clever aliijaribu, ikamkwama. Akaijaribu tena, ikamtoka ikiwa imevunjika katikati, hata mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alicheka. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, lakini Kisubi ni binamu wa mbali kidogo, na ulimi wa kijana ulijikwaa kila penye kona. Chupa zilikuwa nzito. Wodini kulikuwa na mtu anamwita.

"Mwambie tu 'Banza usenge,'" alisema Ildefonsa. "Sali kwanza. Ni fupi, ataelewa. Jina lake lenyewe ni sala."

"Banza usenge," Clever alirudia, safi kabisa, kama mzaliwa.

"Umeona," alisema Ildefonsa, akaenda zake.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Dripu ilining'inia ikidondokea sakafuni. Clever alisimama karibu na beseni lake, wembe bado uko mkononi, povu la sabuni limeanza kukauka.

"Wako wapi?"

"Wameondoka, mama. Nilimwambia kama ulivyonifundisha. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Akaniuliza nimetumwa na nani."

"Ukamjibu?"

"Nikasema nimetumwa na wewe. Akanyanyuka, akajichomoa dripu mwenyewe. Nilidhani anataka chooni. Binti yake akamfuata. Nilipotoka kuwatafuta, walikuwa wameshafika getini. Nimekimbia, mama, nimekuta pikipiki inateremka kilima."

Ildefonsa alishusha pumzi. Moyoni mwake alikuwa na jibu tayari, na jibu lililo tayari ni kitu cha kuogopwa, ingawa hakuliogopa wakati huo. "Wamekwenda kuombewa," alisema. "Umemkumbusha sala, akamkumbuka mchungaji wake. Mugoma wako wengi siku hizi. Wanamwekea mgonjwa mikono, wanamwambia hospitali ni ya wasioamini."

Simu ya Frida haikupatikana. Mvua ilianza kunyesha, barabara ya Mugoma ikawa utelezi, na Dakta Emilian alisimama dirishani akiitazama. "Utumbo hausubiri mvua," alisema, bila kumlaumu yeyote.

Asubuhi Ildefonsa na Clever walipanda pikipiki mbili, wakashuka kilima, wakapanda kingine, kupitia mashamba ya maharage yaliyolazwa na mvua. Ildefonsa hakumtafuta mgonjwa nyumbani kwake kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kanisa la maombezi lililo kando ya barabara, jengo la mabati lenye spika mlangoni, akamkuta Mchungaji Anastazi akifagia maji yaliyoingia ndani.

"Umemficha mgonjwa wangu, mchungaji."

"Marahaba," alijibu mchungaji, ingawa hakuna aliyemwamkia. Aliegemea fagio. "Mgonjwa yupi, mama?"

"Evarista Ndayisenga. Alitoka hospitali jana, anatakiwa apasuliwe. Kama mnamfungisha asile na kumkemea mapepo, jueni kwamba tumbo lake haliponi kwa kelele."

"Huyo si kondoo wangu," alisema Anastazi taratibu. "Ni wa kwenu, wa parokia. Hukaa benchi la mwisho kabisa, na wenzake wakifika mwisho wa sala, wakaitikia, yeye hufunga mdomo. Kijiji kizima kinalijua hilo. Wapo wanaosema ni mchawi, kwamba ulimi wake umefungwa." Akafagia kidogo, akasimama tena. "Na mimi, mama, mtu mwenye tumbo la namna hiyo akija hapa, ninampandisha kwenye pikipiki ninamleta kwenu. Mnadhani sisi tunakula wagonjwa?"

Clever alitazama viatu vyake. Mchungaji aliegemeza fagio ukutani, akawaonyesha njia mwenyewe hadi kwenye kijia cha migomba, akawatakia kheri. Muda walioupoteza pale ulikuwa mfupi; lakini baadaye, alipokuwa akipima mambo yalivyokwenda, Ildefonsa aliuhesabu pamoja na muda mwingine wote.

Nyumba ya Evarista ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiliwa. Frida alitoka na uso wenye nafuu. "Leo maumivu yamepungua, mama. Usiku alilia, sasa ametulia."

Clever alimtazama Ildefonsa haraka, naye akatazama chini. Wote wawili walijua maana ya maumivu yanayopungua kwa ghafla katika tumbo lililokaza. Kitu kinachokufa huacha kuuma.

Evarista alikuwa amelala juu ya mkeka, mgongo ukutani. Alipomwona Clever mlangoni aliivuta kanga hadi shingoni, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Halikuwa jambo la tumbo. Ildefonsa alimwomba kijana abaki nje, akaketi chini.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akaendelea kwa Kihangaza, kwa sauti aliyoizoesha kwa miaka mingi ya vitanda.

Evarista alimkata. "Wewe ndiye uliyemtuma?" aliuliza kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake kilichogeuza kila l kuwa r.

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi kaa. Na uniongeleshe Kiswahili."

"Mama, lugha yetu ni moja. Nilidhani—"

"Ndiyo sababu."

Frida alikuwa amesimama na kikombe cha uji. Mama yake hakumtazama. Alikuwa anatazama mlangoni, palipoonekana bega moja la Clever na kivuli chake.

"Waliokuja hawakuwa wageni," alisema. "Tisini na tatu, ng'ambo. Mmoja alikuwa jirani, tulichota maji kisima kimoja. Kijana, umri wa huyo wa nje. Panga lake alilishusha chini kwa adabu, kama mtu aliyekuja kurudisha kitu cha watu. Akatuambia, Banza usenge. Hakupiga kelele. Walikuwa Wakristo. Hawakutaka kuua mtu ambaye hajasali."

Alinyamaza kwa sababu ya pumzi. Ildefonsa alitaka kumwambia apumzike, akakumbuka ni nani mwingine aliyeambiwa hivyo, akafunga mdomo.

"Mume wangu alisali upesi. Hofu ilimkimbiza. Mimi nilimsikia, nikataka kumwambia, polepole, mwanaume wewe, polepole. Akafika Amina. Nao walikuwa wanaingoja hiyo Amina." Mkono wake ulipapasa kanga. "Mimi nikaona namna yake. Nikaanza rozari, na nilipofika mwisho nikarudi mwanzo bila kuitikia. Nikataja watakatifu niliowajua. Wakaisha, nikataja wafu wa kwetu. Huyu binti yangu alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Yule kijana alisimama mpaka akachoka, akaketi. Alikuwa anasubiri nimalize. Kisha bunduki zikalia upande wa barabara, wakakimbia, wakaniacha nasali. Sala ile sijaimaliza mpaka leo. Ningeimalizaje?"

"Mama," alisema Frida. "Uliniambia baba alikufa kwa homa."

"Homa, ndiyo," alisema Evarista. Akamgeukia Ildefonsa. "Nikavuka. Mpakani mtu mmoja akaniambia kwa Kiswahili, 'Pita, mama, keti hapo.' Sikuelewa. Akanionyesha kwa mkono. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyopewa. Keti hapo. Kwa lugha hiyo sijawahi kuambiwa kitu kibaya sana."

Bega la Clever lilikuwa bado mlangoni. Alisikia yote, maana yote yalisemwa kwa Kiswahili.

Ildefonsa alitaka kuomba msamaha, akaona kwamba msamaha ungekuwa mzigo mwingine wa kumtwisha mgonjwa, kwa sababu angelazimika kuujibu. Akauliza swali lake la tatu, lile la kweli, na kwa mara ya kwanza hakujua kabisa jibu lingekuwa nini. "Kuna jambo ungependa lifanyike, mama, kabla hatujaanza?"

Evarista alifikiri. "Msiniambie nisali. Wala msisali juu yangu. Mkitaka kunipasua, nipasueni mkiwa mmenyamaza."

Jirani mwenye gari dogo la mizigo alikubali kuwabeba. Clever alipanda pikipiki akatangulia, asikae gari moja na yule mama.

Dakta Emilian alikuwa mbele ya sinki la chumba cha upasuaji, mikono imelowa hadi viwiko, Ildefonsa alipomweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Nimekusikia, na nimeumia. Lakini mimi sijawahi kuweka kisu juu ya mtu bila sala, Ildefonsa. Wewe mwenyewe huitikia. Wote humo ndani huitikia. Mikono hii si yangu."

"Sali hapa kwenye sinki, daktari. Ukishavuka mlango huo, nyamaza."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Naomba usimwambie mtu aliyelazwa uchi chini ya taa kwamba sasa tusali."

Emilian aligeukia maji. Alisugua kucha zake kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Ildefonsa alidhani amekataa. Kisha akainamisha kichwa juu ya bomba, midomo ikacheza, maji yakaendelea kutiririka, na hapakusikika neno. Aliponyanyua uso macho yake yalikuwa mekundu. "Tukimpoteza," alisema, "nitajua ni kwa nini, hata kama si kweli."

Ndani, Evarista alilala chali akiyatazama macho yao juu ya barakoa, jozi baada ya jozi, akingoja. Hakuna aliyesema kitu. Chombo kiligusa chombo. Mtu mmoja alikohoa.

"Hamsemi kitu?" aliuliza.

"Hatusemi kitu, mama," alisema Ildefonsa.

"Vizuri."

Dawa ya usingizi ikamchukua na neno hilo mdomoni.

Emilian alipofungua tumbo, harufu ilitangulia. Utumbo ulikuwa umejisokota kama kamba ya kufungia mbuzi, na sehemu ndefu yake ilikuwa nyeusi, nyepesi, inayopasuka kwa kuguswa. Uchafu ulikuwa umeshavuja. Aliukata ulioharibika, akaosha, akaosha tena, akautolea utumbo mlango ubavuni, choo kipitie hapo. Alifanya kazi safi, na wote waliokuwa pale walijua ilikuwa kazi safi iliyofika nyuma ya wakati. Mara moja tu alizungumza.

"Jana," alisema. Hakuendelea.

Evarista aliamka, akaomba maji, akakatazwa, akalowanishwa midomo. Kisha homa ikaja, ikapanda, ikakataa kushuka. Clever hakuingia wodini. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, koti lake jeupe limekunjwa mapajani. Ildefonsa alipopita na beseni, kijana alinyanyuka.

"Mama, nimemuua?"

"Umesema neno nililokupa mimi."

"Lakini mdomo ni wangu." Alitazama mikono yake. "Na wembe nilikuwa nao mkononi. Nilimsimamia hivi, namwambia asali, na wembe mkononi. Mimi, ambaye siku zote huketi. Siku ile sikuketi, kwa sababu ya beseni."

Ildefonsa alijua maneno ya kumfariji, aliyafundisha mwenyewe kwenye chumba cha magongo. Aliyapitia moja baada ya jingine, akaona hakuna ambalo lingekuwa kweli kwa sababu tu ya kuwa zuri. Akaweka beseni chini, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa.

Jumapili asubuhi, wagonjwa wenye nguvu wakiwa kanisani, Evarista alianza kuhangaika. Padri wa zamu alikuja na mafuta ya wagonjwa, na Ildefonsa akamzuia mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye binti wa katekista, kumzuia padri. Alimweleza kwa maneno machache. Padri, mtu mzima, alivua stola yake, ule ukanda wa shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia kama mgeni wa kawaida. Akavuta kiti.

"Nikae hapa, mama?" aliuliza kwa Kiswahili.

Evarista hakujibu. Huenda alisikia, huenda hakusikia. Ildefonsa hakujua kama amemlinda na hofu yake au amemnyima haki yake ya mwisho, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza, maana mwenye jibu alikuwa anakwenda. Walikaa, padri, muuguzi na binti, bila sala yoyote ya kusikika, mpaka kifua kikaacha kupanda. Wote watatu walingoja. Hakuna aliyejua mambo kama hayo humalizwaje.

Padri alipoondoka, wanawake wawili waliobaki walileta maji ya vuguvugu, wakamwosha maiti. Frida aliosha mikono ya mama yake, kidole kwa kidole.

"Kama tusingeondoka siku ile," alisema bila kunyanyua uso, "angepona?"

Ildefonsa alikamua kitambaa. Wanafunzi wake walikuwa wamemuuliza mara nyingi la kufanya mtu akiuliza swali kama hili, na siku zote aliwaambia: msidanganye, lakini msikimbilie kusema. Sasa aliona kwamba sehemu ya pili ya fundisho hilo ilikuwa mahali pa kujificha.

"Huenda," alisema. "Ndiyo. Nafikiri angepona."

Frida aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa hesabu yake. "Basi ni mimi. Aliniambia niite pikipiki, nikaita. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani nikimtii ndiyo heshima."

"Si wewe. Lile neno alilolisema kijana nilimfundisha mimi. Lilikuwa refu na la adabu, nikalikata, kwa sababu nilikuwa na haraka. Nikamwambia mama yako ataelewa."

"Alielewa," alisema Frida.

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa. Ukumbini mtu alipita akiburuza kiti.

"Ulimtakia mema," Frida aliendelea. Haikuwa lawama, wala haikuwa msamaha. Alikuwa anajaribu kuliona jambo lilivyo.

"Ndiyo. Nilimtakia mema."

"Na yule jirani wa ng'ambo, mama alisema alikuwa na adabu."

Frida aliuweka mkono wa mama yake kifuani, akautoa, akautandaza ubavuni badala yake, usifanane na mkono wa mtu anayesali.

"Shika upande ule," alisema. "Tumgeuze."